Mathe wa Dirishani: kazi ya ofisi nilifunzwa na huyu mama

Mama, bosi wetu wa zamani pale ofisi ya usajili chuoni, tumemzika Ijumaa iliyopita kwao Kangundo na tangu hiyo siku simu yangu haijatulia, watu wanauliza kama nina picha zake za zamani, wengine wanataka kujua alianza kazi lini, wengine wananiambia tu stori zao hata sijawauliza. Siku ya ibada nilipewa dakika mbili niongee kwa niaba ya sisi tuliofanya kazi chini yake, na dakika mbili unamaliza tu kusalimia wazee na kutoa pole kwa familia, ukishika maiki vizuri unaambiwa wakati umeisha. Kwa hivyo yale sikusema huko wacha niyaandike.

Hakuwa profesa wala vaisi chansela, na hakuna jengo lenye jina lake. Alistaafu akiwa msaidizi wa rejista upande wa masomo, ile ofisi ya usajili, maksi, transkripti, vyeti na orodha ya watakaofuzu. Makomredi, yaani wanafunzi, walikuwa wanamwita Mathe wa Dirishani juu hata alipopandishwa cheo akapewa ofisi yake na kapeti, kila asubuhi lazima angekuja akae dirishani saa moja unusu hadi saa nne, mwenyewe, na foleni yake ndio ilikuwa ndefu kuliko zote. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama. Wakuu wa vitivo pia walimwita Mama, hata wale waliomzidi umri.

Alitoka Kangundo miaka ya sabini akiwa msichana tu, amemaliza fomu foo na kozi ya kupiga taipu, akaandikwa Chuo Kikuu cha Nairobi kama kopi taipisti. Hicho chuo wakati huo kilikuwa bado kichanga, kilipata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kabla ya hapo kilikuwa tawi moja la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Alikuwa anapenda kutuhadithia vile kazi ilifanywa kabla ya kompyuta. Orodha ya majina inapigwa kwa stensili, ile karatasi ya nta, ukikosea herufi moja unapaka dawa yenye harufu kali, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake ukiomba isipasuke. Halafu unapeleka kwa mashine ya kuzungusha na mkono. "Ukikosea jina la mtoto wa mtu kwa stensili," alikuwa anasema, "hujalikosea mara moja, umelikosea mara mia tano." Na hapo ndipo ilitoka ile tabia yake ya majina ambayo nitafika.

Kuna kitu kingine alikitoa huko na mimi naona ndicho kilimfanya awe vile alikuwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, wanafunzi walitumwa makwao na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Taipisti walibaki kazini. Na barua zikaanza kuja, za wanafunzi, za wazazi, zingine zimeandikwa na mwalimu wa kijiji kwa niaba ya mzee asiyejua kusoma, zote zinauliza swali moja, watoto watarudi lini. Na hakukuwa na jibu, hakuna mtu pale ofisini aliyekuwa amepewa tarehe. Sasa barua ikikosa jibu ofisi hufanya nini? Inawekwa kwa faili, inangoja. Yeye akaenda kwa bosi wake akamuuliza kama anaweza kuwajibu hivi tu: tumepokea barua yako, tarehe bado hatujaambiwa, tukiambiwa tutakuandikia, na chini aweke jina lake ili mtu akirudi kuuliza ajue anauliza nani. Bosi akakubali. Alisema miaka mingi baadaye alikuwa anakutana na watu mjini wanamwambia, wewe ndiye uliniandikia, ile barua baba yangu aliiweka kwa Biblia.

Mi nilimpata kwetu. Alikuwa ashahamia chuo chetu wakati ule wa 1990, mwaka ambao fomu siksi ya mwisho na wale wa kwanza wa 8-4-4, ule mfumo wa masomo ulioondoa fomu siksi, waliingia vyuo vikuu kwa pamoja, vitanda havitoshi, viti vya lekcha havitoshi, watu wanasimama nje ya ukumbi wakiandika noti wakiegemea dirisha. Nilikuja baadaye sana kama kibarua wa kubeba faili. Kazi yangu ilikuwa kutoa faili stoo, kupeleka kwa dawati, kurudisha stoo. Nikiangalia saa hii naona kwamba mahali pale pa kubeba faili ndipo nilipoonea kila kitu, kwa sababu mtu wa kubeba faili hakuna anayemficha chochote.

Nianze na hii mambo ya njoo kesho.

Kila Mkenya ameambiwa njoo kesho kwa dirisha la ofisi. Na nataka niseme haki, karani anayesema hivyo si lazima awe mtu mbaya, mara nyingi foleni ni ndefu, sistimu imelala, mwenye ufunguo yuko mkutanoni, na karani mwenyewe hajui jibu na anaona aibu kusema hajui. Lakini kesho ya huyo karani ni nini kwa mwanafunzi aliyetoka Mandera ama Lodwar? Ni nauli nyingine. Ni kulala kwa binamu Kayole ambaye ameshaanza kuchoka naye. Mama alikuwa amekataza hayo maneno kwenye sekisheni yetu, na hakukataza tu kwa mdomo, alikuwa na njia.

Njia yenyewe ilikuwa kaunta buku, ile daftari kubwa nyeusi ya mgongo mwekundu. Alikuwa anachora mistari na rula mwenyewe. Jina, namba ya usajili, simu, anatafuta nini, nani anashikilia, siku ya kujibiwa. Hapo kwa "nani anashikilia" ndipo alikuwa mkali. Karani mpya angeandika "Idara ya Hesabu" ama "Fedha" na Mama angemrudishia buku. "Usiniandikie idara. Idara haichukui simu. Niandikie mtu." Kwa hivyo unalazimika kunyanyua simu wakati huo huo mwanafunzi akiwa mbele yako, uulize huko idarani ni nani haswa ana hiyo kitu, na huyo mtu akishataja jina lake na akajua limeandikwa, niamini, kitu inaanza kusonga.

Halafu saa kumi jioni kabla avue viatu vya ofisi avae raba za kwenda steji, alikuwa anafungua buku na kupitia majina yote ambayo siku yao ya kujibiwa ni leo. Kama jibu limekuja, anapiga simu. Kama halijakuja, bado anapiga simu. Hiyo ya pili ndiyo ilinishangaza. Nani hupiga simu kusema hana habari? Yeye alikuwa anapiga. "Mtoto wangu, bado, lakini nimeongea naye leo, amesema Alhamisi, usipande gari." Zamani kwa simu ya ofisi, baadaye ile laini ilipokatwa alikuwa anatumia kredo yake.

Kuna kijana mmoja wa Lodwar ambaye stori yake naijua vizuri kwa sababu nilishika tochi. Alikuwa mwaka wa mwisho, orodha ya kufuzu ikabandikwa, jina lake halipo. Kuangalia, kozi moja ya mwaka wa pili haina maksi. Hili jambo la maksi kupotea ukiuliza mwanafunzi yeyote wa chuo hapa Kenya atakwambia analijua, kama si lake ni la rumeti. Idara ikamwambia hakufanya huo mtihani. Lekcha mwenyewe alikuwa wa muda tu na alikuwa ashaenda ng'ambo. Kijana anaapa alifanya. Akazungushwa muhula mzima, huku wanamtuma kule, kule wanamrudisha huku, hadi mtu akamwambia jaribu Mathe.

Mama hakumuuliza una ushahidi gani. Alimuuliza ulikaa wapi. Kijana akasema karibu na mlango wa nyuma ambao kitasa chake kilikuwa kimeng'oka, na kwamba kuna msichana alizimia katikati ya mtihani wakambeba nje. Mama akaandika yote hayo. Halafu akaniambia lete tochi na ngazi, tukashuka stoo ya chini, ile yenye katoni za miaka yote zimepangwa hadi dari na vumbi la kukohoza. Watu wengi hawajui, lakini mwanafunzi akifanya mtihani husaini karatasi ya mahudhurio na namba ya kijitabu chake cha majibu inaandikwa hapo kando ya jina. Hiyo karatasi ndiyo tulikuwa tunatafuta. Tulianza baada ya chai ya saa nne na tukaipata jioni watu wameanza kufunga ofisi. Jina lake lilikuwapo, saini, na namba ya kijitabu. Na kwa chini msimamizi alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba mtahiniwa mmoja ametolewa kwa sababu ya ugonjwa.

Sasa kijitabu kiko wapi. Mama alikaa juu ya katoni akafikiria, akasema hiyo kozi wanafunzi wa jioni pia walikuwa wanaifanya, na huo ukumbi walikuwa wanagawana. Tukatafuta bunda la wanafunzi wa jioni, lilikuwa bado limefungwa na kamba ya katani, na yeye hakulifungua. Nilitaka kulifungua, akanishika mkono. Kesho yake akaita mwenyekiti wa idara na afisa wa mitihani, wakafungua wakiwa wote wamekaa, wakaandika kumbukumbu, wakasaini, na kijitabu cha kijana kilikuwa humo ndani, cha katikati, hakijasahihishwa hata ukurasa mmoja. Kikapelekwa kwa lekcha mwingine, maksi zikapita kwa bodi ya mitihani, zikapita seneti. Ilichukua muda, na kijana alikosa gauni ya mwaka huo, akavaa ya mwaka uliofuata. Hilo lilimuuma sana Mama, hakulichukulia kama ushindi kabisa. Lakini katika hizo wiki zote kijana hakurudi Nairobi hata mara moja kuuliza, kwa sababu kila Ijumaa simu yake ililia.

Tukirudi juu kutoka stoo siku ile alinieleza kitu ambacho nimefanya nacho kazi hadi leo. Mwanafunzi akikwambia alifanya mtihani, anza kwa kumwamini halafu wewe utafute ushahidi. Usianze kwa kutomwamini halafu umtume yeye akatafute. Yeye hana ufunguo wa stoo, ufunguo uko na wewe.

Wacha nipite haraka kwa mambo ya majina, ingawa angekuwa hai angenikasirikia. Wiki mbili kabla cheti kichapishwe alikuwa anabandika majina nje na kukaa hapo kando na biro nyekundu. Mtoto ameandikwa Mohamed kwa kitambulisho, Mohammed kwa cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, Muhamad kwa cheti cha kuzaliwa, na kila mahali anapopeleka karatasi anaambiwa huyu si wewe. Mama alikuwa anawaandikia kwa mkono hatua zote, uanze kwa wakili upate kiapo, kama ni kubadilisha jina kabisa hati yako isajiliwe, halafu itangazwe kwa Gazeti la Serikali, nenda Gavament Printa pale Haile Selassie Avenue, beba kitambulisho. Hicho kikaratasi watu wanakaa nacho. Kwenye mazishi dada mmoja alinionyesha chake kimewekwa plastiki.

Hii nyingine sijui kama ningeiongea kwa maiki hata kama ningepewa saa nzima. Sitataja mtu.

Mzee mmoja alikuja kutoka upande wa Kisii, mwezi wa kumi, wakati wakulima wa chai wanalipwa bonasi yao. Alikuwa amevaa koti zito na amebeba bahasha ndani ya koti, pesa taslimu. Anataka kulipa fizi ya kijana wake mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu kijana amemwambia mtandao umeharibika na yeye amechoka kutuma kwa simu. Karani akaingiza jina, na mimi nikiwa nyuma yake na faili mkononi nikaona uso wake umebadilika. Huyo kijana alikuwa ameondolewa chuoni miaka miwili nyuma kwa kufeli. Miaka miwili mzee anatuma fizi.

Karani akafungua mdomo. Mama akamgusa bega, akasimama, akazunguka akatoka nje ya dirisha, akamshika mzee mkono akamwingiza ofisini. "Baba, karibu, keti, umetoka mbali. Nipe hadi saa nane, sipendi kukuambia kitu nusu." Akaagiza chai. Mwenyewe akatoka nje kwa korido akapiga simu kwa kijana, ambaye alikuwa anauza kava za simu pale Luthuli Avenue. Nilisikia upande wake wote. Hakupandisha sauti. "Babako yuko ofisini kwangu. Mimi sitamwambia. Utakuja umwambie mwenyewe, na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo."

Kijana alikuja. Nilikuwa nimepeleka chai ya pili kwa hivyo nilikuwa mlangoni alipoanza kuongea, aliongea Kikisii, maneno sikuyaelewa lakini nilimwona mzee akiweka bahasha mezani, akaifunika na kofia yake, akakaa muda mrefu ameangalia ile kofia. Halafu akamgeukia Mama akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, kuna mlango mwingine?" Na Mama akavuta karatasi akaanza kuwaandikia wote wawili, kwamba rufaa muda wake umepita, asiwadanganye, lakini kwa zile kozi alizopita anaweza kupata transkripti, na kuna vyuo vya ufundi vitakavyomchukua diploma. Kijana alienda, akasomea umeme, akamaliza. Mzee naye kila Desemba alikuwa anamtumia Mama pakiti za chai za kiwanda chao hadi tukawa tunazijua.

Yule karani alimuuliza Mama baadaye, kwani si ungemwambia tu mzee ukweli, ni haki yake, ni pesa zake. Mama akamwambia ukweli ataupata leo leo, hilo sijamnyima, lakini ukitoka kwa dirisha letu atarudi Kisii na aibu peke yake kwenye basi, na mtoto hatarudi nyumbani tena. Mimi naamini alikuwa sawa. Na hilo jambo halikuongewa kantini. Sheria ya kulinda data ilikuja 2019 yeye akiwa ameshastaafu, lakini kwetu ilikuwa ni marufuku kitambo, ukipatikana unahadithia maksi za mtoto wa mtu kwa chai ya saa nne, unatolewa dirishani unapelekwa stoo.

Alikuwa karibu kutuacha 2009, umri wa kustaafu wa serikali ulipoongezwa kutoka 55 hadi 60. Ameshaanza hadi kuaga. Tukapata miaka mingine ya ziada na yeye, na hiyo miaka ndiyo aliitumia kutufunza sisi wadogo, ananiambia keti hapa dirishani na mimi nitakaa nyuma yako. Akileta muthokoi, kile chakula cha Kikamba cha mahindi yaliyokobolewa, kwa mkebe tunakula wote, wamama wa usafi, askari wa geti, mimi, hata lekcha akipita anapewa kijiko.

Halafu akastaafu, na hapa ndio napata uchungu kidogo. Marupurupu yake yalichelewa sana. Ofisi inayohusika sitaitaja, na si kusudi langu kuanza vita, lakini mama aliyefuatilia faili za maelfu ya watu alianza kufuatilia yake. Anapanda mathree ya 58 kutoka Buruburu hadi tauni, anapanga foleni, anarudi. Kuna siku nilimsindikiza. Tukafika dirishani, kijana mdogo ndani, ameangalia skrini, akasema, "Mama, njoo kesho."

Mama akatoa biro kwa mkoba. "Sawa kijana wangu. Sasa niandikie hapa jina lako, na jina la mwenye kushika faili yangu, na siku." Alisema kwa upole kabisa, vile ungeongea na mjukuu. Yule kijana akatulia, akaangalia nyuma yake, akaenda kuuliza, akarudi akaandika. Pesa bado zilichelewa, siwezi kusema kikaratasi kilifanya muujiza. Tulipotoka tukakaa kwa benchi nje ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mimi miaka yote nilidhani najua vile inauma. Sikuwa najua." Kutoka hiyo siku alikuwa ananipigia mara kwa mara kuniuliza, leo mmemrudisha nani bila jibu? Na alikuwa anataka jina.

Huko Buruburu hakupumzika. Mwaka 2023 ulipokuja ule mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi, mambo ya bendi, yaani kupangwa makundi kulingana na uwezo wa nyumbani, na skolaship na mkopo, wazazi wa mtaa walikuwa wanaingia kwake na simu za watoto, hawaelewi kwa nini mtoto wa jirani amewekwa bendi ile na wao hii. Anakaa nao mezani, miwani kwa pua, anawaonyesha, hii ya juu hurudishi, hii ya chini ni mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, utarudisha ukipata kazi, hii iliyobaki ni ya nyumbani, na kama unaona wamekuweka mahali si pako, andika rufaa leo, usingoje. Hakuwa analipwa na mtu. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua anakuangalia kama hajaelewa swali.

Ugonjwa haukuwa mrefu. Presha, halafu stroku, halafu ikawa ndio hivyo.

Matanga yalikuwa nyumbani kwake kila jioni na paybill ikafunguliwa, ile namba ya kutumia mchango kwa simu. Sasa siku ya tatu mpwa wake ambaye ndiye alikuwa mweka hazina akanivuta kando na simu, amechanganyikiwa. Mahali pa kuandika namba ya akaunti watu waliambiwa waandike jina lao, ili wasomwe jioni. Lakini mamia ya watu hawakuandika jina. Walikuwa wameandika herufi na namba, mkwaju, namba, mkwaju, mwaka. Akadhani ni matapeli ama sistimu imeharibika. Mimi nikaangalia tu mara moja nikajua. Zilikuwa namba zao za usajili. Sheria, kilimo, ualimu, za miaka ya tisini, za elfu mbili na kitu, shilingi mia, shilingi elfu, nyingine hamsini. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilikaa kwa ngazi na mpwa nikawa namsomea, huyu ni wa uhandisi, huyu ni wa mwaka ule wa mgomo, huyu aliingia mwaka gani, na yeye anaandika. Jioni ile badala ya majina zikasomwa namba, na kila namba ikisomwa kuna mtu nyuma ya tenti anainua mkono. Barabara ya Kangundo siku ya mazishi ilijaa, kuanzia Ruai hadi Tala ni mabasi na prado na nduthi, na wakubwa walikuwepo pia lakini kusema ukweli hao sikuwaangalia sana.

Kwa sasa dirisha letu halipo tena, kuna pota ya mtandao. Mwanafunzi anaandika shida yake, anapata namba ya tiketi, anangoja. Sipingi pota, mtu wa Mandera hana haja ya kupanda basi na hiyo Mama angeifurahia kuliko sisi wote. Lakini ukifungua tiketi unaona imeandikwa "inashughulikiwa" na jina la idara. Nimekuwa nikiongea na vijana wa kompyuta tangu mwaka jana waweke vitu viwili, jina la mtu anayeshikilia na siku ya kujibiwa. Ya jina wameikubali, ilianza mwezi uliopita, na tayari tiketi za zamani zimeanza kufungwa. Ya tarehe bado wanakataa, wanasema itawafunga. Jumanne tuna mkutano mwingine nao, nimebeba kaunta buku tatu kutoka kabatini, nimefunika majina ya wanafunzi na karatasi, niwaonyeshe tu hiyo safu ya mwisho vile ilikuwa inajazwa kila siku na hakuna mtu alifungwa.